Siku Niliyokuwa Pua ya Mwanangu

Sufuria ilikuwa inaungua hatua mbili kutoka alipokaa mwanangu, na hakugeuka.

Mimi nilikuwa nje naanua nguo. Harufu ilinifikia kabla ya moshi. Nikaingia mbio, zile mbio za kizee za kushika ukuta, nikakuta jiko limekuwa jeusi. Yeye yuko mezani, daftari mbele yake, anaandika zake.

"We mtoto, unataka kutuchoma?"

Akainua uso. Akaangalia sufuria kama mtu anayeoneshwa msiba wa jirani.

"Kumbe inaungua?"

Ananiuliza mimi. Na yeye ndiye anayekula kwa pua.

Ngoja niwaeleze msije mkanipotea njiani. Mwanangu huyu ni kitinda mimba wangu, na kazi yake ni kuonja waini. Msicheke. Mimi nilicheka miaka miwili mizima, kisha nikaona paa limeezekwa upya kwa hiyo hiyo kazi, nikafunga mdomo.

Ameajiriwa na kampuni inayopeleka vinywaji madukani. Kila mwaka, siku moja, wanakaa kuchagua waini nyekundu za bei ya chini zitakazokaa rafu za mbele mwaka mzima. Chupa zinaletwa kutoka kila upande, na kila mwenye yake anaapa ndiyo hiyo.

Waonjaji wako watatu. Wanazungusha glasi, wananusa, wanaonja, wanatema kwenye ndoo, wanaandika alama, ya juu kabisa ishirini. Chupa zimevikwa mifuko ya karatasi, zina namba tu. Hakuna kujua jina wala bei.

Bosi wao ana msemo, mwanangu alikuwa akiuleta nyumbani kama mboga: "Sitafuti waini bora. Natafuta waini ambayo mtu akiinunua kwa hela kidogo hajioni mjinga."

Huo msemo niliupenda. Ni bosi anayejua watu.

Sasa rudini jikoni. Nimezima jiko, nimefungua dirisha, nikavuta kiti nikakaa mbele ya mwanangu.

"Tangu lini?"

Hakujifanya haelewi.

"Wiki saba. Tangu yale mafua."

"Hunusi kabisa?"

"Sinusi, mama. Sabuni sinusi. Kitunguu sinusi. Jana nimevaa blauzi ya juzi, wala sijui kama nanuka."

"Unanuka."

Akacheka kidogo, kisha akalia. Nikamwacha alie, kilio hakina foleni.

Daktari alimwambia pua inaweza kurudi wiki ijayo, au mwakani, au isirudi. Asubiri. Na kusubiri ndiko mwanangu asikokujua. Kila akiamka anakwenda kwenye kopo la kahawa, anaingiza uso mzima, anatoka na unga kwenye nyusi. Hola. Anakwenda kwenye chupa ya mafuta ya taa. Hola. Mchana anazunguka nyumba anafungua makopo kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Waambie kazini," nikasema. "Mficha maradhi..."

"Mama, sio leo."

"Kwa nini sio leo?"

"Kwa sababu kuonja ni Jumamosi ijayo. Na mwaka huu bosi anaondoa kiti kimoja. Tuko watatu, watabaki wawili. Nikisema sina pua, nimejitoa mwenyewe."

Nikaliangalia lile paa.

Sitawaficha, ule mchongo aliuleta yeye, lakini mimi sikuukataa. Alinikazia macho muda mrefu, kama anayekadiria kabati litapita mlangoni au halipiti.

"Mama, wewe pua yako ikoje siku hizi?"

Pua yangu. Mimi nimekuwa dobi miaka thelathini. Nimefulia hoteli, nimefulia nyumba za watu. Nguo zikija furushi moja, nilikuwa nazitenganisha kwa kunusa, hili shati la mwenye nyumba, hili la mdogo wake, hili amelivaa mgeni. Darasani nilikaa miaka minne tu, lakini kwa pua ningesahihisha mtihani.

"Ipo," nikasema.

Basi tukaanza shule.

Jioni tatu alileta chupa nyumbani. Mimi sinywi na sikunywa. Kazi yangu ilikuwa kunusa tu. Ananimiminia kidogo kwenye glasi, anaizungusha, ananipa.

"Haya, mama. Hii?"

"Hii inanuka kama shati lililoanikwa mvua ikalikuta, likaachwa hapo hapo."

"Hiyo ina kasoro. Kizibo kimeoza. Hii je?"

"Jamu iliyoshika chini ya sufuria."

"Jua lilizidi shambani. Hii?"

Hiyo nilikaa nayo. "Kiatu kipya. Na kitu kitamu kwa nyuma, kimejificha."

"Mama, wewe ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa nafua nguo zako."

Akanifundisha kupima kwa namna yangu. Nzuri, ya kawaida, mbaya. Nijiulize jambo moja tu, je, mtu wa kawaida angeleta chupa hii kwa wageni wake bila aibu? Kama ndiyo, nzuri. Kama angeificha nyuma ya kabati, mbaya.

Hapo nikaelewa kazi yake kwa mara ya kwanza. Ni kama mimi sokoni na vitambaa vya mitumba. Unakigusa kabla hujauliza bei. Ukiuliza bei kwanza, vidole vinaanza kuongopa.

Dada aliyekuwa anabeba trei za glasi alikuwa amejifungua, yuko likizo. Mwanangu akapeleka jina langu kwa bosi, kwamba kuna mama mmoja jirani, msafi, hana papara, mikono haitetemeki. Bosi akasema aje.

"Ukifika pale," mwanangu akaniambia, "usiniite mwanangu. Mimi ni 'dada' kama dada wengine."

"Sawa, dada."

"Mama, sitanii."

"Na mimi sitanii, dada."

Ishara yetu ilikuwa kitambaa cha kufutia glasi. Nikikiweka bega la kulia, waini nzuri. Bega la kushoto, mbaya. Nikikishika mkononi, ya kawaida. Alama kamili ataandika mwenyewe, kwa kukisia humo humo.

Jumamosi ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwanangu hakulala, na mimi sikulala kwa sababu ya kumsikia asivyolala. Asubuhi alibadilisha viatu mara tatu. Njiani alikuwa ananitangulia, anarudi, ananitangulia tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Tembea taratibu, dada. Utafika umechoka."

"Hapa bado niite mwanao."

"Najizoesha."

Bosi alikuwa mwanamume mfupi, shati limenyooka. Alituzunguka sote mlangoni, akainamisha kichwa karibu na shingo zetu, ananusa. Siku ya kuonja hairuhusiwi marashi wala mafuta yenye harufu.

"Mama umejipaka nini?"

"Maji, bosi."

"Safi sana."

Akapita kwa mwanangu, akanusa. "Na wewe, sabuni ya leo ina ua ndani yake."

Mwanangu akageuka rangi. Angejuaje kama sabuni ina ua? Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, nikasahau. Akapelekwa bombani akajisugua upya. Hata hatujaanza.

Chumba cha kuonjea kilikuwa cheupe, madirisha makubwa, meza tatu zimeachana ili mtu asichungulie. Meza ya kwanza alikaa mwanamume wa makamo waliyekuwa wakimwita Profesa. Hakuwa profesa wa kitu, ila alikuwa anaongea kama ana wanafunzi. Meza ya pili mwanamke mmoja mkimya, wanamwita Miwani. Meza ya tatu, ya mwisho, mwanangu. Aliichagua makusudi, ili nimfikie nikiwa nimemaliza wengine.

Waini zilimiminwa stoo, upande wa pili wa ukuta. Mtunza stoo anamimina glasi tatu za namba moja, mimi nazibeba, napita ukumbi mdogo wenye friji mbovu, naingia. Hapo kwenye friji ndipo penye kazi yangu. Naweka trei juu yake, nainama, navuta pumzi moja, naweka kitambaa mahali pake, naendelea.

Namba moja, kitambaa mkononi. Ya kawaida, haina baya, haina jema, kama mkwe wa mbali.

Namba mbili, bega la kushoto. Ilinuka gundi.

Namba tatu.

Namba tatu nilipoinama nilisahau niko kazini. Ilinuka matunda meusi, na nguo iliyokauka kivulini, na juu yake penseli iliyochongwa sasa hivi. Sijui kama mnanielewa. Miaka yangu minne ya shule ilikuwa imekaa ndani ya glasi. Nikasimama pale kama mti.

"Mama, unaongea na glasi?" Mtunza stoo alikuwa amechungulia.

"Naziombea zisivunjike."

Kitambaa bega la kulia. Nikaingia nimevimba kama mwenye harusi. Mwanangu akaniangalia bega, akaandika.

Humo ndani kulikuwa kimya, nasikia kalamu tu na watu wakitema. Profesa alikuwa anatikisa goti chini ya meza, goti linagonga mguu wa meza, tik tik tik. Miwani anafuta miwani isiyo na uchafu. Mwanangu anazungusha glasi, anainusa kwa madoido, anafumba macho, anatikisa kichwa. Kuzuga kwa hali ya juu. Ningekuwa simjui ningemuamini.

Lakini niliona kitu kimoja nikakipuuza. Akishaonja, alikuwa anakaa na ile waini mdomoni muda mrefu kuliko wenzake. Anaipeleka shavu hili, anaipeleka shavu lile, anaiweka chini ya ulimi. Anaitafuna. Nikadhani ni sehemu ya maigizo.

Nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Zote zikapita. Mgongo unauma, pua bado ipo.

Namba kumi.

Nikaweka trei juu ya friji, nikainama, nikavuta.

Penseli.

Nikavuta tena. Matunda meusi. Nguo ya kivulini. Penseli. Ni ile ile, namba tatu, mtu na nafsi yake.

Hapo ndipo nilipopotea, na nataka mnisikilize kwa makini.

Nilijiambia, wewe bibi, umechoka. Watu wenye akili zao, wenye viti vyao, hawawezi kuleta kinywaji kimoja mara mbili kwa namba mbili. Ya nini? Hii ni pua yako imebaki na harufu ya asubuhi, kama dobi anayerudi nyumbani na bado ananusa sabuni kwenye chai.

Kitambaa nikakishika mkononi, sijui pa kukiweka. Nikaingia.

Nikampa Profesa glasi yake. Sikuondoka haraka. Nikamtazama akinusa, akaonja, akakunja uso, midomo ikashuka kama ya mtoto aliyepewa dawa.

Basi, nikasema moyoni. Mwenye elimu yake amekunja uso. Mimi ni nani?

Nilipofika kwa mwanangu, kitambaa kilikuwa bega la kushoto.

Akakiangalia. Akaonja. Akaniangalia tena usoni, kitu ambacho hakukifanya kwa namba zote tisa. Mimi nikaangalia ukuta.

Kumi na moja na kumi na mbili zikaja, zikaondoka.

Bosi akakusanya karatasi, akasimama mbele anazisoma. Alizisoma polepole mpaka nikatamani kumsaidia. Goti la Profesa likaanza tena.

"Mwaka huu nimewafanyia mchezo," bosi akasema. "Nisameheni. Alama zenu za mwaka jana zilikuwa zinaniumiza kichwa. Nikataka kujua nani anaonja na nani anabahatisha."

Bosi akazipanga karatasi upya.

"Namba tatu na namba kumi ni chupa moja. Waini ile ile, sanduku lile lile. Ni mimi na mtunza stoo tu tuliojua. Anayepishana na nafsi yake zaidi ndiye anayeacha kiti."

Moyo wangu ulifanya kitu ambacho kwa umri wangu hautakiwi kufanya.

"Profesa, namba tatu umeipa kumi na sita. Namba kumi umeipa tisa."

Goti la Profesa likaacha kugonga.

"Miwani, kumi na mbili, halafu kumi na saba."

Miwani akavua miwani.

Bosi akageukia meza ya tatu. Nikafumba macho. Nilijua nilichokifanya. Mwanangu amenifuata mimi, na mimi nimemfuata Profesa. Nimemuua.

"Dada, kumi na nne. Na kumi na nne."

Nikafumbua macho.

Na badala ya kumshukuru Mungu kimya kimya kama bibi mwenye busara, mdomo wangu ukatangulia. Nina trei mkononi, nimesimama katikati ya chumba, nikasema kwa sauti ya nyumbani kabisa:

"Lakini mwanangu, si nilikuwekea kitambaa kushoto?"

Kama vijana wasemavyo, kimenuka.

Mtunza stoo aliingiza kichwa mlangoni. Miwani akavaa miwani. Profesa akanitazama mimi, akamtazama mwanangu, akatutazama pua zetu zinazofanana.

"Mwanangu?" bosi akasema.

Nikataka kusema nilikosea, kwamba nawaita wote wanangu. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini mwanangu alishasimama.

"Ni mama yangu mzazi. Sinusi chochote tangu nipatwe na mafua, wiki ya nane hii. Leo alikuwa ananinusia yeye."

"Haa," Profesa akasema. "Kumbe tumeshindwa na mbeba trei."

"Hapana," Miwani akasema.

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia. Sauti yake ilikuwa kavu, haina haraka.

"Hukumsikia mama. Kitambaa kilikuwa kushoto. Mama, kushoto maana yake nini?"

"Mbaya," nikasema.

"Na namba tatu ulikiweka wapi?"

"Kulia."

"Basi mama naye amejipinga. Aliyetoa alama moja mara mbili ni huyu asiye na pua."

Bosi akakaa kwenye kona ya meza.

"Kwa nini hukumfuata?"

Jibu la mwanangu lilitoka limenyooka.

"Ulimi ulikataa. Namba kumi ilikuwa na ukakasi ule ule wa namba tatu, unaanzia ufizi wa juu. Uchachu ule ule pembeni mwa ulimi. Uzito ule ule. Ikitemwa inaacha mdomo mkavu kwa muda ule ule, nilihesabu moyoni. Nikasema mama amechoka. Sikujua ni chupa moja. Nilijua tu haiwezi kupata alama tofauti."

Kumbe yale mashavu hayakuwa maigizo.

Wiki saba mtoto amekaa bila pua, na mimi namwona anazunguka na makopo nikadhani anahangaika tu. Alikuwa anajifunza. Kila alichokosa puani alikitafuta mdomoni.

"Amedanganya," Profesa akasema. "Bosi, hilo halina mjadala. Ameleta mtu wa kumwibia majibu."

"Kweli amedanganya," bosi akasema.

"Basi atoke yeye."

Bosi akakuna kidevu. Akatazama dirishani muda mrefu hadi kila mtu akatazama dirishani.

"Mama, toka nje. Usikae ukumbini wala stoo. Toka nje kabisa. Profesa, nawe kapunge upepo. Mimi na Miwani tunammiminia huyu glasi sita mpya. Tutamfunga macho, na hakuna wa kumwekea kitambaa."

Nikaweka trei chini. Nilipompita mwanangu nilitaka kumgusa bega. Nikaogopa hata hilo litaonekana ishara.

Nje kulikuwa na makreti ya chupa tupu. Nikakaa juu ya moja. Watu wananiita mvumilivu, na kweli, nimewahi kungoja mvua, mume, na hospitali. Lakini pale niliinuka, nikakaa, nikainuka. Nilihesabu makreti. Nikayahesabu kwa kuanzia upande mwingine.

Nilikuwa najikasirikia. Miaka thelathini nimefua mashati ya wakubwa. Najua kola zao zinanuka jasho kama za watu wote. Halafu leo mkubwa mmoja amekunja uso tu, nikaikana pua yangu.

Profesa akatoka, akasimama mbali. Baadaye akasogea, akageuza kreti, akakaa.

"Mama," akasema taratibu, "namba kumi ilikunukia nini?"

"Penseli. Na nguo iliyokauka kivulini. Kama namba tatu."

"Kama namba tatu." Akarudia. "Ulijua?"

"Nilijua. Nikakuona umekunja uso, nikaacha kujua."

Akacheka, cheko lisilo na meno.

"Unajua nilikunja uso kwa nini? Tumbo. Tangu asubuhi linanikata. Kuanzia namba saba sikuwa naonja waini, mama. Nilikuwa naonja kiti."

Yule niliyemfanya mwalimu wangu alikuwa mwanafunzi mwenye hofu, kama mimi. Nikampa maji yangu ya chupa, akanywa.

Mlango ukafunguliwa. Mwanangu akatoka, alama ya kitambaa cha macho bado iko kwenye paji la uso. Mikono imening'inia. Nikashindwa kumsoma, mimi niliyemzaa.

"Sema basi."

"Katika glasi sita kulikuwa na jozi mbili. Nimezipata zote."

"Na kiti?"

"Kiti ninacho." Alisema bila kutabasamu. "Lakini miezi mitatu nitakuwa nalipwa nusu, kwa kudanganya. Na nimepewa waini za bei ya chini tu. Zile za gharama sigusi mpaka pua irudi, kama itarudi. Bosi amesema watu wetu wananunua chupa moja, wananywa kwa glasi za plastiki, wengi wana mafua. Amesema ulimi wangu unawatosha."

"Na mimi?"

"Wewe amesema usikanyage tena hapa."

"Haki yake."

Profesa alikuwa amesikia yote. Akasimama, akajipangusa suruali. Nilitegemea maneno makali. Akampa mwanangu mkono.

"Shavuni unaikalisha sekunde ngapi?"

"Kumi na tano."

"Mimi nilikuwa natema kwenye tano," akasema, akaingia ndani kuchukua koti lake.

Tukaondoka. Safari hii mwanangu hakunitangulia. Tulitembea mtaa mzima, tukapita kwa fundi viatu, tukapita kwa kinyozi. Kwenye kona akasimama.

"Mama, nikuulize. Pale namba kumi, pua yako ilisema nini?"

"Ilisema ni ile ile."

"Sasa kwa nini ukaweka kushoto?"

Nikamwambia ukweli, uso wa Profesa na yote. Nikamwambia na habari ya tumbo.

Alicheka mpaka akashika ukuta wa watu. Kisha akaacha kucheka, ghafla, akanitazama kwa namna ambayo mtoto humtazama mzazi mara chache sana, na ni afadhali iwe mara chache.

"Mama, mimi niliazima pua yako. Sikuazima ya Profesa."

Neno hilo halijanitoka hadi leo.

Pua yake haijarudi mpaka naandika haya. Kopo la kahawa anaingiza uso Jumapili tu, na anatoka akiendelea na shughuli zake. Ile namba tatu iko rafu za mbele, na watu wanaichukua.

Ndugu zangu mliosoma mpaka hapa, sina elimu ya kuwafundisha, nina aibu yangu tu, chukueni mtakachoweza. Mtu akikuomba umsaidie kuona, mpe ulichokiona wewe. Usikichukue ulichokiona ukaenda kukilinganisha na uso wa mwenye kiti, maana hujui yeye siku hiyo anaumwa nini.

Na ukiwa na mtoto anayehangaika nyumbani, anafungua hiki anafunga kile, usikimbilie kumbebea mzigo. Muulize kwanza. Huenda ameshapata pa kuushikia.